Divai ya Noeli: Kwa Chakula Kipi, na Kwa Nani?



Sikukuu ya Noeli inakaribia, na katika familia nyingi za parokia zetu maandalizi yamekwisha anza. Kuku wanahesabiwa, mchele unachaguliwa, mbuzi wa sikukuu ananenepeshwa nyuma ya nyumba. Zamani chupa ya divai ilionekana altareni na katika nyumba ya mapadre tu. Siku hizi inauzwa hata katika maduka ya vijijini, na familia nyingi hupenda kuiweka mezani siku hiyo kubwa. Basi akina mama na akina baba wanapokuja kliniki hutuuliza: tununue divai ipi? Nyekundu au nyeupe? Tamu au kavu? Na wako wanaouliza swali lililo zito zaidi: je, ni kweli kwamba divai nyekundu huongeza damu?

Mwezi huu tumeona vema tuyajibu maswali haya kwa pamoja. Divai ya sikukuu huchaguliwa kwa kutazama mambo mawili: chakula kilichopikwa, na watu watakaoketi mezani. Katika jambo la kwanza mwenye duka anaweza kukusaidia. La pili unalijua wewe mwenye nyumba, kwa sababu ni wewe unayejua nani ni mjamzito, nani yuko kwenye dawa, na nani atarudi nyumbani kwa pikipiki.

1. DIVAI NI NINI?

Divai, ambayo wengine huiita mvinyo au waini, ni maji ya zabibu yaliyochachuka. Zabibu iliyoiva ina sukari nyingi. Ikipondwa, hamira huila ile sukari na kutoa kileo pamoja na hewa inayofanya mapovu. Hamira ikiila sukari karibu yote, tunapata divai kavu, yaani isiyo na utamu. Sukari nyingine ikibaki, tunapata divai tamu.

Rangi hutoka kwenye maganda. Divai nyekundu huchachushwa pamoja na maganda ya zabibu nyeusi. Kwa divai nyeupe zabibu hukamuliwa kwanza, maganda yakaondolewa, ndipo maji yake yakachachushwa. Maganda hayo ndiyo yanayoipa divai nyekundu ukakasi, kama ule unaousikia ulimini ukila ndizi mbichi au ukinywa chai ya rangi iliyokolea mno. Kitu kinacholeta ukakasi huo huitwa tanini. Mlikumbuke jina hilo, maana tutalirudia tutakapozungumza juu ya damu.

Sasa nguvu yake. Divai nyingi za mezani zina kileo cha asilimia 11 hadi 14. Bia nyingi zina kama asilimia 5. Ziko pia divai zilizoongezwa spiriti, nazo hufikia asilimia 15 hadi 20. Hizi mara nyingi ni tamu sana, kwa hiyo mnywaji hausikii ukali wake. Tunawaona watu wakizinywa kwa bilauri ya maji kama wanavyokunywa soda, na baada ya nusu saa wanashangaa kwa nini miguu haisimami.

2. ZABIBU ZA NYUMBANI

Kanisa linataka divai ya Misa iwe ya asili, itokanayo na tunda la mzabibu, wala isiwe imeharibika. Ndiyo sababu wamisionari walipofika mahali penye hewa ya kufaa walijaribu kupanda mizabibu. Huko Bihawana, karibu na mji wa Dodoma, wamisionari kutoka Italia walipanda mizabibu kabla ya Uhuru, na baadaye kilimo hicho kikaenea kwa wananchi. Ugogo ni nchi kavu. Jua ni kali na mvua ni chache, na kwa kuwa hakuna baridi ya kuilaza mizabibu kama ilivyo Ulaya, mkulima anayepogolea vizuri huvuna mara 2 kwa mwaka.

Zabibu nyekundu iliyozoeleka zaidi huko huitwa Makutupora, kwa jina la mahali palipo karibu na mji. Kwa divai nyeupe hulimwa Chenin Blanc, ambayo asili yake ni bonde la mto Loire nchini Ufaransa. Zipo pia Syrah na Cabernet Sauvignon, zote nyekundu.

Tunayasema haya katika ukurasa wa afya kwa sababu familia inayotaka divai halisi inaweza kuipata hapa nyumbani, kutoka kiwanda kinachojulikana, kwa zabibu zinazojulikana. Jina la kigeni lenye herufi za dhahabu halithibitishi kwamba kilichomo ndani ya chupa ni kizuri, wala kwamba ni divai.

3. SOMA CHUPA KABLA YA KULIPA

Tunapompa mgonjwa dawa, kwanza tunasoma maandishi ya chupa. Divai nayo ifanyiwe vivyo hivyo. Tazama mambo haya:

(a) Asilimia ya kileo. Huandikwa kwa namba ndogo pembeni. Kwa meza ya familia tafuta divai ya asilimia 11 au 12. Ukiona 16 au 18, ujue ni divai iliyoongezwa spiriti, na kipimo chake kiwe kidogo sana.

(b) Neno la ladha. Dry maana yake ni kavu, na Sweet ni tamu. Semi-sweet iko katikati. Neno Fortified maana yake imeongezwa spiriti.

(c) Jina la kiwanda na mahali kilipo, alama ya Shirika la Viwango, na stempu ya kodi. Chupa isiyo na vitu hivi iache dukani.

(d) Kizibo. Kiwe kizima, hakijawahi kufunguliwa, wala divai isiwe imevuja pembeni yake.

Divai bandia si hadithi ya kutishia watoto. Mwaka 1986 nchini Italia, nchi yenye divai nyingi kuliko karibu zote duniani, watu zaidi ya 20 walikufa kwa kunywa divai iliyochanganywa na metanoli ili kuongeza nguvu yake kwa gharama ndogo. Metanoli ni spiriti ya viwandani. Haina rangi, na mnywaji hawezi kuitofautisha na kileo cha kawaida kwa ulimi. Kwa hiyo divai ya bei ya kushangaza, inayouzwa bila maandishi au katika chupa iliyokwisha tumika, isiingie nyumbani mwenu, hata kama anayeuza ni jirani mwema.

4. DIVAI NA CHAKULA

Watu wengi wamesikia kwamba nyama huenda na divai nyekundu, na samaki huenda na nyeupe. Kanuni hiyo ni nzuri, lakini ni vema kujua sababu yake, ili kila mmoja aweze kuchagua mwenyewe kwa chakula cha kwao.

Nyama ya kuchoma, mbuzi au ng'ombe. Mafuta ya nyama hutanda mdomoni, na ukakasi wa divai nyekundu huyakata, na kwa upande wake nyama huulainisha ule ukakasi. Chagua nyekundu kavu. Divai hiyohiyo ukiinywa bila chakula huiona kali, ndiyo maana wengi waliionja mara moja wakaikataa.

Samaki, sato au sangara, wa kukaanga au wa kuchemsha. Hapa tanini huleta ladha ya chuma mdomoni. Chagua nyeupe kavu yenye uchachu. Uchachu wake hufanya kazi ileile ya ndimu tunayokamulia samaki.

Kuku wa kienyeji. Kuku hutegemea mchuzi wake. Akiwa wa nazi, au wa kuchemsha na kuungwa kwa nyanya kidogo, nyeupe inamfaa. Akiwa wa kuchoma au wa mchuzi mzito uliokaangwa, nyekundu nyepesi haitaharibu kitu.

Pilau. Mdalasini, iliki na karafuu vina harufu kubwa, nayo divai kavu sana huonekana chungu mbele yake. Nyeupe iliyo katikati, yaani yenye utamu kidogo, hukaa vizuri na pilau. Kama pilau ni ya nyama nyingi, nyekundu isiyo na ukakasi mwingi inafaa pia.

Pilipili. Kileo huongeza moto wa pilipili. Mchuzi ukiwa mkali, chagua divai yenye kileo kidogo na utamu kidogo, au weka divai pembeni na unywe maji.

Kachumbari. Siki na ndimu huifanya divai isiyo na uchachu ionekane kama maji. Divai nyeupe kavu ndiyo inayovumilia.

Keki na vitu vitamu. Divai kavu ikinywewa na keki huonekana kali na chachu. Kanuni ni kwamba divai iwe tamu kuliko keki yenyewe. Hapo ndipo mahali pa ile divai tamu iliyoongezwa spiriti, katika glasi ndogo, baada ya chakula. Ikitangulizwa mezani kabla ya chakula, hapo ndipo shida huanza.

Kwa familia inayoweza kununua chupa 1 tu, na mezani pako kuku, pilau na kachumbari pamoja, tungeshauri nyeupe, kavu au ya katikati. Itakubaliana na vyakula vingi zaidi kuliko nyekundu.

5. KUIHIFADHI NA KUIMIMINA

Divai huharibiwa na joto na jua. Usiiweke dirishani wala karibu na jiko. Ilaze mahali penye kivuli, chini ya kitanda au kwenye kona ya sakafu ya saruji.

Divai nyeupe hunywewa ikiwa baridi, nyuzi 8 hadi 12 hivi. Nyekundu husemwa kuwa hunywewa kwa joto la chumbani, lakini chumba kilichokusudiwa ni cha Ulaya, cha nyuzi 16 hadi 18. Mwezi Desemba hapa kwetu vyumba vingi hupita nyuzi 28, na divai yenye joto hutoa harufu kali ya kileo na kupoteza harufu ya zabibu. Kwa hiyo hata nyekundu iweke katika friji nusu saa kabla ya kula. Asiye na friji aifunge chupa kwa kitambaa kilicholoa, aiweke penye upepo na kivuli, na kukilowesha kitambaa kila kinapokauka. Maji yakikauka huondoka na joto, kama mtungi wa udongo unavyofanya.

Fungua kwa kizibuo. Usigonge shingo ya chupa, maana kila sikukuu tunashona vidole. Mimina nusu ya glasi, si hadi ukingoni. Chupa iliyofunguliwa ikizibwa vizuri na kuwekwa penye baridi hudumu siku 2 au 3. Inayobaki inafaa kuungia nyama, lakini tambueni kwamba kileo hakiondoki chote jikoni. Mchuzi ukichemka kwa dakika 15 baada ya kutiwa divai, kiasi cha asilimia 40 ya kileo bado kimo. Hata ukichemka saa 1, karibu robo hubaki. Mchuzi wa namna hiyo usipewe mtoto mdogo, wala mtu aliyeacha pombe kwa taabu na sala nyingi.

6. JE, DIVAI HUONGEZA DAMU?

Sasa tumefika penye jambo linalotusumbua zaidi katika wodi ya wazazi. Akina mama wengi huambiwa na mama wakwe, mashoga, hata wenye maduka, kwamba divai nyekundu huongeza damu. Basi mjamzito huletewa chupa kama zawadi ya Noeli, na mama aliyejifungua juzi humiminiwa glasi ya jioni. Wanaofanya hivyo wanampenda, hilo hatulikatai. Lakini wanakosea, na kosa hilo ni kubwa.

Damu hutengenezwa mwilini kwa madini ya chuma, vitamini na protini. Glasi moja ya divai nyekundu ina chuma kisichofikia miligramu 1. Kidonge kimoja cha kuongeza damu tunachotoa kliniki bure kina takriban miligramu 60. Tena ile tanini tuliyoitaja hushikamana na chuma kilicho katika chakula na kukizuia kisiingie mwilini. Chai na kahawa hufanya vivyo hivyo zikinywewa pamoja na chakula. Kwa hiyo mama anayekula mchicha na maharage yake, kisha akashushia divai nyekundu, anaweza kupata chuma kidogo kuliko yule aliyeshushia maji. Ni rangi iliyowadanganya watu. Juisi ya rozela nayo husifiwa hivyohivyo kwa ajili ya rangi yake. Ni kinywaji kizuri, lakini si dawa ya upungufu wa damu.

Upande wa mtoto ni mbaya zaidi. Kileo anachokunywa mama hupita katika kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni, na ini la mtoto huyo bado halijaweza kukisafisha. Mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo, au akakua na shida ya kujifunza na kutulia ambayo haina dawa. Hakuna kiasi cha kileo kilichothibitishwa kuwa salama kwa mjamzito, wala mwezi ambao ni salama. Kwa mama anayenyonyesha, kileo huingia katika maziwa, na njia iliyo salama kuliko zote ni kutokunywa.

Mama aliye mweupe viganjani, anayechoka upesi, anayesikia moyo ukimwenda mbio, aje apimwe damu. Pengine ana malaria, au minyoo, au hana chuma cha kutosha, au damu yake ina ugonjwa mwingine. Kila kimoja kina tiba yake. Nyumbani ale nyama au dagaa, maharage na mboga za majani, pamoja na chungwa, embe au ndimu, kwa kuwa matunda hayo husaidia chuma kuingia mwilini. Chai aisogeze mbele, saa 1 au zaidi baada ya chakula. Na vidonge vya kliniki avimeze, hata kama kinyesi kinakuwa cheusi. Hiyo ni kawaida.

Wengine watauliza juu ya moyo. Ni kweli kwamba mwaka 1991 televisheni ya Marekani ilitangaza sana habari kwamba Wafaransa hawapati ugonjwa wa moyo sana kwa sababu ya divai nyekundu, na neno hilo likaenea duniani pote. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba mambo hayakuwa rahisi hivyo. Mwezi Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi kwamba hakuna kiasi cha kileo kisicho na hatari kwa afya. Kileo huongeza hatari ya saratani, ikiwamo ya matiti, na divai haikuachwa nje. Anayekunywa glasi moja siku ya Noeli anywe kwa furaha ya sikukuu. Asiinywe kama dawa, wala asiyekunywa asishawishiwe kuanza kwa ajili ya moyo wake.

7. WASIOPASWA KUNYWA

Kabla ya kufungua chupa, zungusha macho mezani. Hawa wasimiminiwe:

- Wajawazito na wanaonyonyesha.

- Wote wasiofikia miaka 18. Kumwonjesha mtoto ili achangamke au alale si mchezo. Mtoto mdogo akipata kileo sukari ya damu yake inaweza kushuka ghafla akapoteza fahamu.

- Wanaotumia vidonge vya kushusha sukari au sindano ya insulini. Kileo huweza kuishusha sukari mno, hata saa nyingi baadaye usiku. Mgonjwa aliyeishiwa sukari hutapatapa na kulegea kama mlevi, na watu humwacha alale. Wengine hawaamki.

- Walio kwenye dozi ya kifua kikuu. Dawa hizo hulielemea ini, na kileo huongeza mzigo juu ya mzigo.

- Wanaomeza metronidazoli kwa ajili ya tumbo au magonjwa mengine. Wangoje mpaka siku 3 zipite baada ya kidonge cha mwisho.

- Wanaotumia dawa za kifafa au za usingizi, na wenye vidonda vya tumbo, homa ya ini au ugonjwa wowote wa ini.

- Atakayeendesha gari, pikipiki au baiskeli. Ini huhitaji zaidi ya saa 1 kuisafisha glasi 1 tu. Kahawa, maziwa na kuoga kwa maji baridi havilihimizi.

- Aliyewahi kuwa mtumwa wa pombe akaacha. Huyu usimwambie kwamba divai si pombe, au kwamba leo ni sikukuu. Glasi hiyo moja inaweza kumrudisha alikotoka.

Sisi tunaoshika zamu usiku wa Noeli tunawajua watakaoletwa: aliyeanguka na pikipiki, mwenye kisukari aliyezimia, mtoto aliyemalizia mabaki ya glasi wakati wakubwa wanasindikiza wageni. Wengi wao asubuhi walikuwa kanisani wamevaa nguo mpya. Hakuna aliyekusudia ubaya nyumbani kwake. Ila hakuna aliyehesabu.

8. HESABU KABLA YA KUNUNUA

Tuchukue mfano wa meza ya watu 12. Watoto na vijana wasiofikia miaka 18 ni 4. Mmoja ni mjamzito. Bibi ana kisukari. Kaka mmoja yuko katika mwezi wa 4 wa dawa za kifua kikuu. Mjomba ataendesha gari jioni. Wanabaki 4. Chupa moja ya mililita 750 huwapa glasi moja na nusu kila mmoja, ukimimina mililita 125 kwa glasi. Inatosha. Aliyekuwa amepanga chupa 3 atanunua kuku mwingine kwa fedha iliyobaki, na wote 12 watafaidi.

Mwenye nyumba amimine mwenyewe, baada ya chakula kuwekwa na sala ya mezani kusaliwa. Mtu asinywe tumbo likiwa tupu, maana kileo huingia upesi katika damu pasipo chakula. Kila aliye na glasi ya divai awe na bilauri ya maji kando yake. Nanyi mjihadhari na katoni za lita 5 zenye bomba. Katoni moja ni karibu chupa 7, na kwa kuwa haionyeshi imepungua kiasi gani, watu hujiongezea bila kujua.

9. WASIOKUNYWA WASISAHAULIWE

Isionekane kwamba wenye glasi ya divai ndio wenye sikukuu na wengine wamepewa adhabu. Andaa kinywaji kingine kwa uangalifu uleule. Chemsha rozela kavu na tangawizi na kijiti cha mdalasini, chuja, tia sukari kidogo, ipoze. Ina wekundu, uchachu na ukakasi kidogo, kwa hiyo inakwenda na nyama ya kuchoma. Maji ya ukwaju yasiyo matamu sana huenda na samaki. Ubuyu au embe hufaa pilau na pilipili. Zabibu mbichi zikipatikana, zioshe, ziponde, zichuje, mkanywe siku hiyohiyo kabla hazijaanza kuchachuka. Bibi mwenye kisukari atengewe yake isiyo na sukari, naye asilete ubishi.

Vitie vyote katika glasi zilezile nzuri. Mjamzito akigonganisha glasi yake ya rozela na ya mumewe, mezani hakuna atakayeulizwa kwa nini hanywi.

10. DALILI ZA KUKIMBILIA HOSPITALI

Mtu akilewa akalala asiamke kwa kutikiswa, akipumua polepole au kwa kukoroma isivyo kawaida, akiwa baridi, akitapika hali hana fahamu, au akipata degedege, mlazeni ubavu na mleteni mara moja. Msimnyweshe kitu. Mwenye kisukari aliyelegea lakini bado anaweza kumeza apewe maji ya sukari, kisha aletwe.

Mtu akianza kuona ukungu au mwangaza mweupe machoni, akaumwa kichwa na tumbo na kutapika, saa kadhaa au hata siku 1 baada ya kunywa, huenda amekunywa metanoli. Msingoje kesho yake. Kuchelewa huko kunaweza kuchukua macho yake au uhai wake. Njoo na chupa aliyoitumia, na waambieni wengine walioinywa waje wapimwe hata kama hawajasikia lolote.

Na asubuhi yake, mwenye kichwa kinachouma asimeze vidonge vya kutuliza maumivu ovyo. Parasetamoli nyingi pamoja na kileo huumiza ini, na aspirini huweza kulitoa tumbo damu. Maji, uji na mapumziko vinatosha kwa walio wengi.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI AU KATIKA JUMUIYA

1. Mezani kwetu Noeli hii watakaa wangapi, na ni wangapi wanaoweza kunywa divai bila hatari?

2. Chakula chetu ni kipi, na divai ya namna gani ingefaa?

3. Tutamjibu nini anayemletea mjamzito chupa ya divai ili aongeze damu? Tungeweza kumshauri alete nini badala yake?

4. Katika jumuiya yetu yuko aliyeacha pombe. Tutamsaidiaje siku ya sikukuu?

Wapendwa, Bwana wetu alikubali kualikwa arusini Kana, na divai haikukosekana. Mezani penu pia isikosekane furaha, wala asikosekane mtu kesho yake. Tunawatakia ninyi nyote, pamoja na wagonjwa wetu watakaoila sikukuu wodini, Noeli njema na mwaka mpya wenye afya.